Virginia Apgar: Daktari aliyempa kila mtoto mchanga alama yake ya kwanza

KATIKA vyumba vya kujifungulia vya hospitali zilizo chini ya Mlima Kenya, mtoto hupewa alama kabla ya kupewa jina. Mkunga hutupia jicho saa ya ukutani, humtazama mtoto aliyetoka sasa hivi tumboni mwa mamaye, humgusa, humsikiliza, kisha huandika nambari isiyopungua sufuri wala kuzidi kumi.

Mama mchuuzi wa soko la Kagio, ambaye juzi tu alikuwa akipanga nyanya zake masandukuni, huondoka hospitalini Kerugoya akiwa na nambari hiyo kwenye karatasi zake. Kwa wengi huwa ni nane au tisa, nao hawaiulizi. Lakini yupo ambaye mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kifaranga, akapewa tatu. Mama huyo huibeba nambari ile moyoni kwa miaka mingi, akijiuliza iwapo ndiyo hukumu ya akili ya mwanawe.

Wakunga huiita alama ya Apgar. Wanafunzi wengi wa uuguzi hudhani ni ufupisho wa maneno matano ya Kiingereza, kwa kuwa ndivyo wanavyofunzwa kuikariri vyuoni. Ukweli ni kwamba Apgar lilikuwa jina la mtu: mwanamke Mmarekani aliyetaka kuwa daktari wa upasuaji, akafungiwa mlango huo, akaingia kwa mlango mwingine na kubadilisha namna ulimwengu unavyompokea mtoto mchanga.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa upya kwa sababu yanaonyesha alama hiyo ilibuniwa kwa kazi gani, na ni kazi gani ambayo haikubuniwa kuifanya.

Nyumba ya muziki na maradhi

Virginia Apgar alizaliwa Juni 7, 1909, katika mji wa Westfield, jimbo la New Jersey, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto watatu. Babake, Charles Apgar, alikuwa mtu wa kampuni ya bima, lakini nyumbani alikuwa fundi wa redio na mtazamaji wa nyota. Mnamo 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alinasa na kurekodi mawasiliano ya kituo cha redio cha Wajerumani kilichokuwa kwenye ardhi ya Marekani, kazi iliyoisaidia serikali kufichua siri zilizokuwa zikipitishwa hapo.

Ilikuwa nyumba ya muziki, naye Virginia alianza kupiga fidla angali mdogo. Ilikuwa pia nyumba ya maradhi. Kaka yake mmoja alifariki utotoni kutokana na kifua kikuu, na mwingine aliandamwa na ugonjwa usiokwisha. Kufikia wakati wa kumaliza shule ya upili, msichana huyo alikuwa amekwisha kuamua kwamba angekuwa daktari.

Alisomea elimu ya wanyama katika chuo cha wanawake cha Mount Holyoke, akahitimu 1929. Fedha za nyumbani hazikutosha, hivyo alifanya vibarua vya kila aina, kimojawapo kikiwa kukamata paka waliohitajika katika maabara ya chuo. Hata hivyo alipata nafasi ya kupiga muziki, kushiriki michezo na kuandikia gazeti la wanafunzi.

Septemba mwaka huohuo alijiunga na chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York. Mwezi uliofuata soko la hisa la Marekani liliporomoka na dunia nzima ikaingia katika dhiki ya kiuchumi. Apgar alisoma kwa mikopo. Alihitimu 1933 akiwa nambari nne katika darasa lililokuwa na wanawake wachache mno, na akiwa na deni la takriban dola 4,000, ambazo zilikuwa fedha nyingi sana enzi hizo.

Mlango uliofungwa

Alianza mafunzo ya upasuaji na akaonyesha kipawa kisicho na shaka. Lakini mkuu wa idara, Dkt Alan Whipple, alimshauri aiache njia hiyo. Whipple alikuwa amewafunza wanawake wengine upasuaji, akawaona wakishindwa kupata wagonjwa na riziki, kwa kuwa jamii ya siku hizo haikukubali kukatwa na kushonwa na mwanamke. Alimwelekeza kwenye taaluma ya nusukaputi, akiamini kwamba upasuaji usingeendelea mbele bila ya madaktari hodari wa kuwalaza wagonjwa na kuwaamsha salama.

Wakati huo kumlaza mgonjwa kwa dawa ilikuwa kazi ya wauguzi, na madaktari wengi waliidharau. Apgar hakuona aibu kujifunza kutoka kwa wauguzi hao kwa muda wa mwaka mmoja. Kisha akaenda Madison, jimbo la Wisconsin, kwa Dkt Ralph Waters, ambako ilikuwa vigumu hata kumpatia malazi kwa kuwa ni mwanamke, na baadaye akarudi New York kwa Dkt Ernest Rovenstine katika hospitali ya Bellevue.

Mnamo 1938 alirejea Columbia akiwa mkuu wa kitengo cha nusukaputi. Kwa miaka 11 alikijenga kitengo hicho, akafunza madaktari na kuvumilia uhaba wa watu ulioletwa na Vita Vikuu vya Pili. Ilipofika 1949, wakati wa kukipandisha hadhi, uongozi ulipewa mwanamume, Dkt Emanuel Papper.

Apgar alifanywa profesa kamili, mwanamke wa kwanza kufikia cheo hicho katika chuo hicho cha udaktari. Ilikuwa heshima, lakini usukani ulikuwa umemponyoka. Badala ya kukaa na kinyongo, aligeukia wadi za kina mama waliokuwa wakijifungua katika hospitali ya Sloane, sehemu ambayo wenzake hawakuigombania. Huko ndiko alikokutana na kazi iliyolifanya jina lake litamkwe kila pembe ya dunia.

Mtoto aliyewekwa kando

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vifo vya watoto wachanga nchini Marekani vilikuwa vikipungua mwaka baada ya mwaka. Usafi, maziwa salama na chanjo vilikuwa vimefanya kazi. Lakini kundi moja halikupata nafuu hiyo: watoto waliofariki katika saa 24 za kwanza.

Sababu mojawapo ilikuwa wazi kwa yeyote aliyesimama katika chumba cha kujifungulia. Mtoto alipotoka, macho yote yalibaki kwa mama. Daktari alishughulika na kondo la nyuma na damu, mwenye dawa alishughulika na usingizi wa mama, na mtoto akafunikwa na kuwekwa kando. Aliyelia aliishi. Aliyekuwa mdogo mno, aliyelegea au aliyegeuka rangi ya samawati, mara nyingi alihesabiwa kuwa riziki iliyokwisha, na wapo walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu ilhali moyo ulikuwa bado ukipiga.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja, wakati wa kifungua kinywa katika mkahawa wa hospitali, mwanafunzi wa udaktari alimuuliza Apgar namna ya kupima hali ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Apgar alichukua kipande cha karatasi kilichokuwa karibu, akaandika mambo matano, kisha akatoka mbio kwenda kuyajaribu wadini.

Mambo hayo ni mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, namna mtoto anavyoitika anapoguswa au kuchokozwa, na rangi ya ngozi. Kila jambo lina alama tatu: sufuri, moja au mbili. Moyo usiosikika ni sufuri, unaopiga chini ya mara 100 kwa dakika ni moja, unaofikia au kuzidi hapo ni mbili. Asiyepumua ni sufuri, anayepumua kwa kusuasua ni moja, anayelia kwa nguvu ni mbili. Na vivyo hivyo hadi jumla ifike kumi.

Aliuwasilisha mpango huo mbele ya madaktari wenzake 1952 na kuuchapisha 1953. Alitaka mtoto apimwe dakika moja baada ya kuzaliwa. Baadaye kipimo cha dakika ya tano kikaongezwa, ili kuona kama msaada aliopewa umezaa matunda.

Uzuri wa alama hiyo haukuwa katika hesabu yake, ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza. Ulikuwa katika jambo ambalo ililazimisha. Ili nambari iandikwe, sharti mtu fulani amwendee mtoto, amwangalie kwa dakika nzima na kuwajibika kwa anachokiona. Apgar alishikilia pia kwamba mpimaji asiwe yule aliyemzalisha mama, kwa kuwa ni vigumu mtu kuihukumu kazi ya mikono yake mwenyewe bila ya upendeleo.

Mtoto aliyepata mbili au tatu hakuweza tena kuwekwa kando kimyakimya. Nambari ilimshtaki kila aliyekuwa chumbani, na watu wakaanza kukimbilia mirija ya kusafishia koo na mifuko ya kupulizia hewa.

Miaka kumi baadaye, daktari wa watoto wa mjini Denver, Joseph Butterfield, aligundua kwamba herufi tano za jina Apgar zaweza kusimamia maneno matano ya Kiingereza yenye maana ya mwonekano, mapigo, mkunjo wa uso, mwendo wa viungo na upumuaji. Ndiyo sababu jina la binadamu likageuka kuwa wimbo wa vyuoni, na binadamu mwenyewe akaanza kusahaulika.

Kipengele cha rangi kilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na Apgar mwenyewe alikiri kwamba hicho ndicho kilichomridhisha kidogo kuliko vyote. Watoto wengi huzaliwa na mikono na miguu yenye weusi wa samawati hata wakiwa na afya njema. Kwa watoto wa Kiafrika, mkunga hodari haangalii ngozi ya mwili bali midomo, ulimi, viganja na nyayo.

Siri iliyo ndani ya kitovu

Apgar hakuridhika na kutazama kwa macho. Alitaka kujua alama ndogo ina maana gani ndani ya damu ya mtoto. Jibu lilipatikana kwenye kitovu.

Kitovu ndiyo njia pekee ya uhai wa mtoto angali tumboni. Kwa kawaida kina mishipa mitatu: mmoja unaoleta damu yenye chakula na oksijeni kutoka kwenye kondo, na miwili inayorudisha damu iliyokwisha kutumika. Mishipa hiyo imezungushiwa utando mzito kama uji wa ute, unaoikinga isibanwe. Njia hiyo ikibanwa, ikijifunga fundo au ikitangulia kutoka kabla ya mtoto, ubongo hukosa hewa kwa kasi ya kutisha.

Akishirikiana na Dkt Duncan Holaday, mtaalamu wa kupima hewa katika damu, na Dkt Stanley James, daktari wa watoto aliyetoka New Zealand, Apgar alianza kuchunguza damu ya kitovu na ya watoto waliozaliwa karibuni. Waliingiza mipira myembamba katika mishipa ya kitovu na kupima oksijeni na asidi.

Kabla ya hapo madaktari wengi waliamini kwamba ni kawaida ya mtoto mchanga kuwa na upungufu wa oksijeni, na kwamba hakuna haja ya kuwa na haraka. Vipimo vilisema vingine. Watoto wenye alama ndogo walikuwa na damu iliyopungukiwa oksijeni na kujaa asidi, na waliopumua upesi walirekebisha hali hiyo kwa muda mfupi. Kukawia kupumua hakukuwa tabia ya mtoto bali shida iliyohitaji mkono wa kuokoa.

Uchunguzi huo ulimgusa Apgar mwenyewe. Ilibainika kwamba gesi ya saiklopropeni, dawa ya kumlaza mama ambayo yeye aliipenda kuliko nyingine, iliwalegeza watoto. Hakuitetea. Aliacha kuitumia kwa kina mama wanaojifungua. Mnamo 1958 yeye na wenzake walichapisha ripoti ya pili iliyohusu watoto 15,348, ikithibitisha kwamba alama ndogo iliandamana na hatari kubwa zaidi ya kifo.

Tangu wakati huo kuchunguza kitovu kumekuwa sehemu ya kazi ya mzalishaji makini. Baada ya kukikata, huhesabu mishipa. Katika takriban mtoto mmoja kwa kila mia, au chini ya hapo, mshipa mmoja kati ya miwili ile ya kurudisha damu huwa haupo. Dalili hiyo humfanya daktari amchunguze mtoto moyo na figo, kwa kuwa kasoro hizo wakati mwingine hufuatana. Baadhi ya kasoro za kitovu huandamana pia na mtoto kuzaliwa mdogo, yaani chini ya kilo 2.5. Lakini wengi wa watoto ambao kasoro yao ni hiyo pekee hukua kama wenzao, na kitovu kilichomzunguka mtoto shingoni, jambo linalowatia hofu sana kina mama, kwa kawaida huondolewa bila ya madhara.

Kutoka wadi hadi taifa zima

Mnamo 1959, akiwa na umri wa miaka 50, Apgar alifanya jambo ambalo wengi wa rika lake wasingethubutu. Alipata shahada ya uzamili katika afya ya umma katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kuiacha kazi ya nusukaputi. Alijiunga na wakfu wa March of Dimes, ulioanzishwa 1938 na Rais Franklin Roosevelt kupambana na polio. Chanjo ya polio ilikuwa imepatikana 1955, na wakfu huo ukageuza nguvu zake kwenye kasoro za kuzaliwa. Apgar ndiye aliyekabidhiwa kitengo hicho kipya.

Alizunguka Marekani akihutubia kina mama, madaktari na wenye fedha. Wakati huo mtoto mwenye ulemavu alifichwa nyumbani kama siri ya aibu, mambo ambayo hayakuwa mageni hata katika vijiji vya Kirinyaga na Nyeri. Apgar aliyazungumza hadharani. Janga la rubella la miaka ya 1964 na 1965 lilipowaacha maelfu ya watoto wa Marekani wakiwa viziwi, vipofu au wenye maradhi ya moyo, alikuwa miongoni mwa waliopigania chanjo. Pia aliwakumbusha watu kwamba kuzaliwa kabla ya wakati ni tatizo linalostahili kupewa uzito sawa na kasoro za maumbile. Mnamo 1972 yeye na mwandishi Joan Beck walitoa kitabu cha kuwaeleza wazazi kwa lugha nyepesi kuhusu kasoro hizo.

Nambari na mustakabali wa mtoto

Hata hivyo, swali la mama wa Kagio lilikuwa bado halijajibiwa: je, alama ndogo huutabiri ubongo?

Swali lenyewe ni kongwe kuliko Apgar. Mnamo 1861 daktari Mwingereza, William John Little, ambaye mwenyewe alikuwa na ulemavu wa mguu, aliwasilisha jijini London maelezo ya watoto waliokakamaa viungo, akihusisha hali hiyo na uzazi mgumu, kukosa hewa na kuzaliwa kabla ya wakati. Ndiyo hali inayoitwa leo mtindio wa ubongo. Sigmund Freud, aliyekuwa daktari wa neva kabla ya kujulikana kwa mambo ya nafsi, alitia shaka 1897. Aliona kwamba uzazi mgumu wakati mwingine si chanzo bali ni dalili ya tatizo lililoanza tumboni.

Ilihitajika hesabu kubwa kuamua. Kuanzia 1959, hospitali kadhaa za vyuo vikuu vya Marekani, Columbia ikiwemo, zilifuatilia mimba zipatazo 50,000, na watoto wakachunguzwa hadi umri wa miaka saba. Alama ya Apgar iliandikwa kwa kila mtoto.

Matokeo yaliyochapishwa 1981 na watafiti Karin Nelson na Jonas Ellenberg yaliwashangaza wengi. Kati ya watoto waliopata mtindio wa ubongo, asilimia 73 walikuwa na alama saba hadi kumi katika dakika ya tano. Yaani wengi wao walizaliwa wakionekana wazima. Kwa upande mwingine, miongoni mwa watoto walionusurika baada ya kuwa na alama sufuri hadi tatu hata katika dakika ya kumi au baadaye, asilimia 80 hawakuwa na ulemavu mkubwa walipofika umri wa kuanza shule.

Kwa watoto njiti jambo hilo lina uzito zaidi. Mtoto aliyezaliwa wiki nyingi kabla ya wakati hulegea na hupumua kwa shida kwa sababu misuli na mapafu yake hayajakomaa, hata kama hewa haikumpungukia wakati wa kuzaliwa. Hupata alama ndogo kwa uchanga wake tu. Ndiyo maana vyama vya madaktari wa watoto na wa uzazi vya Marekani vimeonya mara kwa mara kwamba alama hiyo pekee isitumiwe kutangaza kwamba mtoto alikosa hewa, wala kutabiri akili na viungo vyake vitakuwaje.

Hii haina maana kwamba alama ndogo ni ya kupuuzwa. Ikibaki chini kwa dakika nyingi, hatari huongezeka na mtoto huhitaji kufuatiliwa kwa karibu. Lakini hatari si hukumu. Apgar alibuni kipimo cha kuuliza ni nani anayehitaji msaada sasa hivi. Waliokigeuza kuwa ramli ni waliokuja baadaye.

Mtu nyuma ya jina

Waliomjua Apgar walimkumbuka kwa mwendo wa kasi, maneno ya kasi na gari la kasi. Mkobani hakukosa kisu kidogo na vifaa vya kufungulia koo, kwa kuwa hakukubali mtu afe mbele yake kwa kukosa hewa, awe hospitalini au kando ya barabara. Alikusanya stempu, akaanza masomo ya urubani akiwa na zaidi ya miaka 50, na hakuwahi kuolewa.

Mapenzi yake makubwa yalibaki kwa muziki. Katikati ya miaka ya 1950 alikutana na mgonjwa aliyeitwa Carleen Hutchins, mwalimu aliyekuwa pia fundi wa ala za nyuzi. Hutchins alimfunza kazi hiyo, na Apgar akatengeneza ala nne kwa mikono yake. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha rafu ya mbao nzuri ajabu iliyokuwa katika kibanda cha simu hospitalini. Hospitali ilipokataa kuitoa, wanawake hao wawili waliingia usiku, mmoja akilinda mlangoni na mwingine akiing'oa, wakaacha nyingine mahali pake. Ubao huo ukawa mgongo wa viola.

Apgar alifariki Agosti 7, 1974, akiwa na umri wa miaka 65, kutokana na maradhi ya ini, katika hospitali ileile ya New York alikosomea na kufanya kazi. Miaka 20 baadaye, Oktoba 1994, Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Katika sherehe hiyo wanamuziki walizipiga ala alizozitengeneza.

Dakika moja chini ya mlima

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba nchini Kenya watoto 21 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na kuzaliwa kabla ya wakati ni miongoni mwa sababu kuu. Vita alivyovianza Apgar havijakwisha.

Lakini vinaweza kushindwa na watu wa kawaida. Nchini Tanzania, wakunga wa hospitali nane walipofunzwa kumkausha mtoto, kumsisimua na kumpulizia hewa kwa mfuko ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2013. Leo mafunzo hayo humtaka mkunga asingoje hata kuandika alama. Mtoto asiyepumua husaidiwa kwanza, nambari hufuata.

Nako nyumbani, kwa mtoto mdogo aliyeanza na tatu, kazi ndiyo kwanza inaanza. Hubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto. Hunyonyeshwa. Hupelekwa kliniki bila ya kukosa, na mama huangalia iwapo anakaza shingo, anageukia sauti, anaketi na kushika vitu kwa mikono yote miwili kadiri miezi inavyosonga, akihesabu umri kuanzia siku ambayo angepaswa kuzaliwa. Akiona dalili ya kuchelewa, haendi kwa mganga wala hajilaumu. Huomba apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema, kwa kuwa ubongo wa mtoto mchanga hujifunza haraka kuliko wakati mwingine wowote wa maisha.

Hata mtoto aliyeanza na tisa anastahili kuangaliwa vivyo hivyo. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Virginia Apgar, ambaye hakuzaa, aliutumia umri wake wote kuhakikisha kwamba kila mzazi anapata mtoto wa kulea.